Fundo la Mkono wa Kushoto

Injini kumi na moja zilikuwa zimesimama ukutani, na hakuna hata moja iliyowahi kulowa. Chini ya kila moja palitandikwa zulia dogo jekundu, kana kwamba ni maharusi. Mvushaji alikaa kwenye benchi mkabala nazo. Miguuni pake ililala injini ya kumi na mbili, imeviringishwa ndani ya blanketi la kijivu na kufungwa kamba, inanuka petroli na magugumaji. Mlinzi alikuwa ameshamwambia mara mbili aisogeze. Mara zote mbili aliisogeza, na kwa namna fulani ilikuwa imerudi palepale.

"Ikidondosha oili kwenye vigae hivi," mlinzi alisema, "anayepiga deki ni mimi."

"Haidondoshi," alijibu Spana, fundi aliyekuja naye. "Hii imekufa kistaarabu, ndugu yangu. Imekufa huku imefunga mdomo."

Mlinzi alitaka kucheka, akakumbuka kazi yake.

Walikuwa wametoka kwao alfajiri, wakapiga kasia saa mbili nzima hadi ng'ambo, kisha wakapanda nyuma ya lori la mbao mpaka mjini, kwa wakala. Huyu wakala ndiye aliyeiuzia kamati ya zahanati injini hiyo, miezi saba iliyopita, pamoja na waranti ya miaka miwili. Kabla yake, wagonjwa wa zahanati walivushwa kwa kasia kwenda hospitali. Kwa injini, safari ya saa mbili ikawa ya robo saa. Miezi saba watu waliizoea robo saa hiyo kama mtu anavyozoea kuwa na meno.

Kwenye kifuniko cha injini palikuwa na stika ya rangi ya fedha. Stika ikichanika, waranti imekufa. Ndiyo maana Spana, ambaye pale kwao alishafungua kila kitu kuanzia mashine za kusaga hadi kitasa cha ofisi ya Mwenyekiti, hakuwa ameigusa. Siku ilipozimika aliweka tu sikio juu ya kifuniko kama daktari. "Mpira wa pampu ya maji umekatika," alisema. "Mashine imekosa maji ya kuipoza. Nipeni mpira mpya, bisibisi, na saa moja." Lakini Mwenyekiti wa kamati alikataa. "Tumesaini," alisema, kwa sauti ya mtu anayeitikia amina.

Karani wa wakala alikuwa kijana mwenye shati la mistari na sauti ya upole.

"Karibu, mama yangu. Daftari la safari unalo?"

Mvushaji alilitoa ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Masharti ya waranti yalitaka kila safari iandikwe: tarehe, saa, idadi ya abiria, sababu ya safari, hali ya mashine. Karani alifunua ukurasa mmoja, wa pili, wa kumi.

"Nani kaandika vizuri hivi?"

"Mke wa mwanangu. Mimi nasema, yeye anaandika. Mkono wangu unajua kasia tu."

"Hapa watu hutuletea madaftari yaliyojazwa yote siku moja, kalamu moja," karani alisema. "Hili lina hata alama ya kidole cha ugali." Alikuwa akitabasamu alipofika ukurasa wa mwisho wenye maandishi. Hapo kidole chake kikasimama. Alisoma polepole, midomo ikicheza.

*Abiria watatu. Sababu: mama mjamzito, uchungu. Hali ya mashine: tulipofika katikati king'ora cha mashine kililia. Sikuzima. Mtoto alikuwa anatoka. Tuliendelea kama dakika kumi, polepole. Mashine ilizimika yenyewe hatua hamsini kabla ya ufuko. Mama na mtoto wazima.*

Karani alitazama mlango wa meneja, kisha akainamisha kichwa.

"Mama, kurasa za daftari hili huwa zinatoka?"

"Hazitoki," Mvushaji alisema kwa fahari. "Limeshonwa na mshonaji kabisa, kwa uzi wa viatu."

"Namaanisha, hazilowi? Haziwezi, labda, kupotea?"

"Mwanangu, nimekwambia limo ndani ya mifuko miwili."

Spana alikohoa. Karani alimtazama Spana, Spana akatazama injini za ukutani. Kisha karani akalichukua daftari, akautoa nakala ukurasa ule, na sauti ya mashine ya nakala ilikuwa kama mtu anayevuta pumzi ndefu.

"Wiki tatu," alisema aliporudi. "Mpira wa pampu unaagizwa. Nitakupigia simu."

"Nikufungulieni blanketi?" Mvushaji aliuliza, akishika kamba. "Hili fundo lina inda."

Lilikuwa fundo la baba yake. Mvushaji alitumia mkono wa kushoto, kama baba yake, na kamba yake ilizunguka kinyume na kamba za watu wengine wote, mara tatu, kisha ncha ikajificha chini kama mtoto mwenye haya. Pale kwao walisema fundo hilo hufunguliwa na Mungu na mwenyewe.

"Acha tu, mama," karani alisema. "Mafundi wetu wana visu."

Wiki tatu. Mvushaji alizihesabu kwa vidole njiani, juu ya mbao. Mkamwana wake alikuwa na mimba ya miezi sita. Mtoto wa kwanza, ambaye sasa yuko kwa bibi yake mzaa mama, alitolewa kwa upasuaji, na daktari wa ng'ambo alimwambia mama yule waziwazi: wa pili usijaribu nyumbani, uchungu ukianza uwe mlangoni kwangu. Miezi sita na wiki tatu si kitu. Muda ulikuwa tele.

*

Wiki tatu zilipita, kisha tano.

Boti ilikuwa na makovu mawili nyuma, pale vibano vya injini vilipouma ubao. Mvushaji alipiga kasia akiyapa makovu hayo mgongo. Mikono yake ilikumbuka kazi ya zamani, lakini mabega yalikuwa yameisahau, na kila jioni mkamwana alimkanda kwa maji ya moto huku tumbo likimgusa mgongoni.

Ilikuwa katika wiki ya sita alipokisikia king'ora. Alikuwa katikati ya maji, amembeba mzee mwenye ngiri na mwanawe. Sauti ilianzia nyuma, kwenye makovu yale: nyembamba, moja kwa moja, bila kupumua. Aliacha kupiga kasia.

"Kuna nini, Mama?" mwana wa mzee aliuliza.

"Husikii?"

Kijana alitega sikio. "Nasikia baba analalamika."

"Silalamiki," mzee alisema. "Naimba."

Mvushaji aliendelea kupiga kasia. Sauti haikukoma mpaka walipofika hatua hamsini kutoka ufukoni. Hapo ikakatika, kama siku ile.

Hakumwambia mtu. Pale gatini alimkuta mshonaji wa daftari, ambaye ndiye aliyejifungua ndani ya boti siku ile, amekaa na mtoto wake mgongoni. Mtoto alipewa jina zuri na baba yake, ila hakuna aliyelitumia. Watu walimwita King'ora.

"Msalimie bibi," mshonaji alimwambia mtoto. "Mwombe radhi. Wewe ndiwe uliyeua mashine ya watu."

Watu walicheka, na Mvushaji alicheka nao. Alimpokea mtoto, akampima kwa mikono. Alikuwa mzito kama chupa mbili za petroli. Kisha King'ora akaanza kulia, na Mvushaji akamrudisha kwa mama yake haraka kuliko adabu inavyoruhusu.

Simu ya karani haikupigwa. Alipopiga yeye, karani alisema mpira wa pampu umefika. Alipopiga tena, karani alisema kwamba tatizo sasa si mpira. Alipopiga mara ya tatu alipokea mtu mwingine, akasema karani huyo amehamishiwa tawi jingine.

Spana alikuja na wazo. Angetengeneza mpira wa pampu kwa tairi la baiskeli. Alishaukata, alikuwa nao mfukoni, umbo kama ua lenye petali sita.

"Mashine iko kwao," Mvushaji alisema.

"Najua. Nimeutengeneza tu ili mkono upate usingizi."

*

Katika wiki ya tisa alikwenda tena mjini, peke yake. Mwenyekiti alimpa barua yenye mhuri na ushauri wa kutokupaza sauti. Alikaa kwenye benchi lile lile tangu asubuhi. Injini zilikuwa kumi. Moja ilikuwa imeolewa. Saa saba mchana ilipopita, meneja alimwita ndani.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimvutia kiti mwenyewe. Alimimina maji baridi kwenye glasi, akaweka karatasi chini yake ili meza isilowe.

"Faili lako liko juu, mama."

"Juu wapi?"

"Makao makuu."

"Na mashine?"

"Mashine iko stoo. Inasubiri faili."

"Faili linasubiri nini?"

"Tathmini ya mashine."

Mvushaji alinywa maji. "Kwa hiyo mashine inasubiri faili, na faili linasubiri mashine."

"Wewe unaelewa haraka," meneja alisema, na alimaanisha. "Wengine hapa huanza kugombana." Alivuta nakala ya ukurasa wa daftari. "Nisaidie jambo moja. Ulisikia king'ora?"

"Nilisikia."

"Ulijua maana yake?"

"Tulifundishwa siku tuliyokabidhiwa. Kikilia, zima."

"Ukafanya nini?"

"Nilimtazama yule mama. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaonekana."

"Sikuuliza habari za abiria, mama. Nimeuliza habari za mashine."

"Mashine ilikuwa imewabeba abiria."

Meneja aliandika kitu kifupi. Mvushaji aliweka glasi juu ya karatasi yake, katikati kabisa, kwa uangalifu.

"Baba," alisema, ingawa angeweza kumzaa, "nina mkamwana nyumbani. Ana miezi minane. Huyu ni wa kupasuliwa. Barabara ya kuzunguka haipitiki tangu daraja lilipokwenda na maji. Boti nyingine yenye mashine ni ya mfanyabiashara wa mbao, nayo hufika kwetu Jumanne na Ijumaa tu. Nikopesheni hata ile mbovu mnayofundishia watu. Nitairudisha imeoshwa."

"Ningekuwa mimi ndiye mwenye uamuzi, ningekupa leo." Aliweka mkono kifuani. "Mimi mwenyewe mama yangu ana presha. Kila mtu ana mgonjwa wake." Akafungua droo na kumpa kalenda mpya ya kampuni, ya karatasi nzito. Ilikuwa na picha ya boti nyeupe ikikata maji ya buluu, na ndani yake watu wenye miwani ya jua ambao hawakuwa wagonjwa.

Mkamwana aliipenda kalenda. Aliitundika juu ya kitanda chake. Walikaa chini yake wakapanga: hawatasubiri mashine ya mtu. Wiki mbili kabla ya tarehe ya daktari watavuka kwa kasia, taratibu, watapanga chumba karibu na hospitali na kusubiri huko. Mkamwana alichukua kalamu ile ile ya daftari na kuzungushia Jumatatu moja.

"Hapa," alisema. "Hapa mimi ni abiria wako. Utasema sababu gani ya safari?"

"Nitasema mvivu anayetaka kwenda kulala hospitali."

"Andika mwenyewe basi. Mimi siandiki uongo."

Walicheka mpaka mkamwana akashika tumbo na kusema inatosha, anacheza huyu.

*

Uchungu ulianza Jumamosi, siku mbili kabla ya duara.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Begi lilikuwa limeshafungwa. Mkunga wa zahanati alimpima na kumtazama Mvushaji juu ya kichwa cha mkamwana, na Mvushaji akaenda kuita Spana bila kuuliza. Walikuwa wanne ndani ya boti: mkamwana amelala juu ya godoro, mkunga amempakata kichwa, Spana mbele na kasia, Mvushaji nyuma na kasia. Upepo ulikuwa unatoka ng'ambo.

Upepo ule haukuwa mkali. Mtu aliyekaa ufukoni angesema ni upepo mzuri wa kukaushia nguo. Lakini kila walipopiga kasia hatua tatu, uliwarudisha moja. Spana, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu alipojua kusema, alikuwa kimya. Mkamwana hakupiga kelele. Alikuwa akiuliza, kwa adabu, kila baada ya muda:

"Mama, tumefika katikati?"

"Tunakaribia, mwanangu."

Walipofika katikati sauti ilianza. Safari hii haikutoka nyuma. Ilitoka chini ya godoro, nyembamba, bila kupumua, na Mvushaji alijua kwamba ni yeye peke yake anayeisikia, maana mkunga aliendelea kuhesabu na Spana aliendelea kutweta.

"Zima," Mvushaji alisema.

"Unasemaje, Mama?" Spana aliuliza bila kugeuka.

"Piga kasia."

Walitumia saa mbili na dakika arobaini na tano. Hatua hamsini kabla ya ufuko, sauti ilikatika, na Mvushaji akaruka majini, akaivuta boti.

Hospitali walimpokea vizuri. Walikimbia na kitanda chenye magurudumu. Mkamwana alipona. Nesi alitoka baadaye akiwa ameshika kitu kidogo kilichofungwa kwenye shuka ya kijani, na alikishika sawasawa kama wanavyoshikwa watoto wote.

"Pole, mama. Mngewahi kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Niambie dakika. Mimi huandika dakika."

Nesi alimtazama mwanamke huyu aliyelowa hadi kiunoni, viganja vimechubuka, anayetaka dakika. Alimpa mtoto ampakate. Alikuwa wa kiume. Alikuwa mwepesi, hata chupa moja ya petroli hafiki.

Jioni hiyo hapakuwa na mtu wa kuandika. Mvushaji alishika kalamu mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa kama za chekechea. Saa aliandika. Sababu aliandika. Alipofika kwenye idadi ya abiria alihesabu kwa vidole waliopanda, akahesabu waliofika, akarudia. Hakujua yule wa tano huandikwa wapi. Aliacha nafasi wazi.

*

Barua ilikuja wiki tatu baadaye, siku ya Jumanne, pamoja na injini yenyewe, katika boti ya mfanyabiashara wa mbao. Mkamwana alikuwa amesharudi nyumbani. Alikuwa akitembea, akipika, akifagia. Mume wake alikuwa amekuja kutoka kwenye kazi yake ya ujenzi, akakaa siku nne ametazama ukuta, akarudi kazini. Kalenda ilikuwa bado juu ya kitanda. Hakuna aliyethubutu kuitoa.

Kwa kuwa msomaji wa nyumba alikuwa ni yeye, mkamwana ndiye aliyesoma. Alisoma kwa sauti yake ya kusomea, iliyo safi, isiyoruka neno.

"'Baada ya mafundi wetu kuichunguza injini kwa kina, kampuni inasikitika kuwajulisha kwamba dhamana haitatumika. Uharibifu umesababishwa na uzembe wa mwendeshaji, ambaye kwa maandishi yake mwenyewe alikiri kusikia king'ora na kuendelea na safari. Tazama kiambatisho.'"

Alifunua karatasi ya pili, akaisogeza karibu na macho.

"Endelea," Mvushaji alisema.

"Ni mimi," mkamwana alisema. "Ni mwandiko wangu."

Nje kuku alikuwa akiparua majani. Mkamwana alipitisha kidole juu ya nakala, kwenye neno moja.

"Nilikuuliza, Mama. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilikuuliza, niandike na king'ora?"

"Uliniuliza."

"Ukasema daftari halisemi uongo."

"Nilisema."

Mkamwana alikunja barua kwa mikunjo yake ileile. Hakulia. Tangu arudi hakuna aliyemwona akilia, na hilo ndilo lililomfanya Mvushaji aogope kulala kabla yake.

"Yule mtoto wa mshonaji anazidi kunenepa," mkamwana alisema. "Namsikia akilia hata wakiwa nyumbani kwao. Kwao ni mbali, Mama. Si ni mbali?"

"Ni mbali."

"Lakini namsikia."

Mvushaji alitaka kumwambia kwamba hata yeye husikia. Alifungua mdomo. Kisha akasema anakwenda kuangalia mashine.

*

Injini ilikuwa imelazwa gatini, ndani ya blanketi la kijivu. Spana alikuwa ameshakaa mbele yake, bisibisi tatu zimepangwa juu ya kitambaa, na ule mpira wa tairi la baiskeli katikati kama kitoweo.

"Waranti imekufa," alimwambia. "Hamna tena wa kunizuia. Nikabidhi maiti, saa moja tu, na kesho unavuka kwa robo saa."

Watu walianza kukusanyika. Mvushaji alipiga magoti na kuishika kamba. Vidole vya mkono wa kushoto vilianza kazi yao bila yeye, vikatafuta ncha iliyojificha chini. Vikaipata. Vikasimama.

Ncha ilikuwa pale pale alipoificha. Mara tatu, kinyume. Kamba haikukatwa popote. Katikati ya fundo palikuwa na jani la gugumaji, lililobanwa siku ile alipolifunga, limekauka na kuwa kahawia.

"Spana," alisema. "Inua pembe ya blanketi."

Spana aliinua, akaingiza kichwa. Alipokitoa hakuwa na mzaha usoni.

"Stika nzima. Hata kucha haijaipitia."

"Wiki kumi na nne," alisema mtu nyuma.

"Wameichunguza kwa kina," Spana alisema taratibu. "Kwa kina cha daftari."

Mwenyekiti wa kamati alifika akihema, amevaa koti la mikutano. Alionyeshwa fundo. Alionyeshwa stika. Alisomewa barua. Na Mvushaji, aliyekuwa bado amepiga magoti, aliona uso wa mtu huyu ukijaa furaha.

"Tumewapata," Mwenyekiti alisema. "Jamani, tumewapata. Hapa tunakata rufaa. Fundo hili ndilo ushahidi wetu. Mama, ondoa mkono."

"Mwenyekiti," Spana alisema, "ni saa moja. Nikimaliza nalifunga tena."

"Unalijua kulifunga?"

Spana alimtazama Mvushaji.

"Hata akilifunga mwenyewe," Mwenyekiti alisema, "litakuwa fundo jipya. Na stika je, utaishona? Barua yao inasema rufaa hupokelewa ikiwa mashine imebaki kama ilivyorudishwa." Aliwageukia watu. "Miaka yote tunadhulumiwa kwa sababu hatuna ushahidi. Leo tunao. Tuufungue kwa mikono yetu?"

Watu walisema hapana. Walisema kwa uchungu wa kweli, na mshonaji alisema kwa sauti kuliko wote, King'ora akiwa mgongoni. Walikuwa wanamtetea Mvushaji. Mmoja alimpigapiga begani: haki yako hii, Mama, usiiachie.

"Rufaa huchukua muda gani?" Mvushaji aliuliza.

Mwenyekiti alitafuta kwenye barua. "Siku tisini za kazi."

"Kuanzia lini?"

"Kuanzia watakapothibitisha kwamba wameipokea."

Ncha ya kamba ilikuwa bado kati ya kidole gumba na cha shahada. Ingetosha kuvuta mara moja. Mwenyekiti aliona, akainama na kushusha sauti, kwa upole kama wa meneja.

"Ukifungua, Mama, nitalazimika kuandika kwamba aliyeiharibu ni wewe. Na boti itabidi apewe mwingine."

Mvushaji aliiachia kamba. Spana alikusanya bisibisi zake, moja, mbili, tatu. Mpira wa pampu aliurudisha mfukoni.

*

Stoo ya zahanati ilikuwa imejaa vyandarua, kwa hiyo injini ilibaki gatini, chini ya paa la bati, mahali ambapo Mwenyekiti angeweza kuiona kutoka ofisini. Mvua haikuifikia. Baada ya wiki chache watu waliacha kusimama kuitazama. Lilikuwa blanketi zuri, nene, na kitu kilichokuwa ndani kilikuwa na urefu wa kufaa.

Asubuhi moja Mvushaji alishuka gatini na kasia begani na daftari ndani ya mifuko yake miwili. Siku hizi mkamwana aliandika tena, ila hakuuliza tena swali lolote. Aliandika alichoambiwa. Abiria wa siku hiyo alikuwa msichana mwenye karatasi ya mkunga mkononi, tumbo limetangulia, miguu imevimba hadi viatu vimekunjwa visigino. Alikuwa amekaa juu ya injini.

"Shikamoo, Mama. Nimepata kiti nikasema nikungoje hapa."

"Marahaba. Mimba ya kwanza?"

"Ya kwanza. Mkunga anasema niwahi, mtoto kalala vibaya." Aliweka kiganja juu ya fundo ili ajisukume kuinuka, akashindwa, akacheka. "Ngoja kidogo. Kwani humu ndani mna nini?"

Mvushaji alitazama maji. Upepo ulikuwa unatoka ng'ambo, upepo mzuri wa kukaushia nguo. Na kutoka chini ya msichana, ndani ya blanketi, sauti ilianza, nyembamba, moja kwa moja, bila kupumua.

"Nyamaza," alisema Mvushaji.

Msichana aliinua uso. "Sijasema kitu, Mama."

Mvushaji alimpa mkono wa kushoto, akamwinua, akamwongoza hadi kwenye boti.